Mashati ya Mikono Mirefu

Fundi cherehani alikuwa anakata kola pale afisa wa ustawi wa jamii alipobisha hodi, jalada kwapani. Binti mdogo tu, rika la mwanawe. Akataka kukalia kigoda kilichokuwa kando ya cherehani.

"Hapo hapana, binti yangu. Hapo pa marehemu. Kaa huku."

Mkewe ana miezi minne kaburini. Miaka ishirini na nane alikaa pale akikunja pindo na kutia vifungo. Kazi hiyo sasa anaifanya shemeji, mdogo wa marehemu, naye hukaa sakafuni.

Kijana wa fundi, mtoto wake wa pekee, alimvunja taya mwenzake wa karakana kwa spana. Sababu yenyewe utani. Ana miaka ishirini na mbili, na amekiri. Keshokutwa hakimu anaamua: jela, au kifungo cha nje chini ya uangalizi. Kwanza anataka kujua kijana alilelewaje.

"Alilelewa vizuri," fundi akasema. "Andika hivyo tumalize."

"Nina maswali yangu, baba. Aliwahi kuumia kichwa utotoni?"

"Hapana."

"Aliacha shule?"

"Darasa la sita. Kila siku ugomvi. Kichwa chuma yule."

"Nyumbani alipigwa?"

"Alinyooshwa tu. Hata kitambaa, binti, usipokipiga pasi hakikai."

Fundi akacheka. Shemeji hakucheka.

Afisa akaeleza pole pole. Si kila anayepigwa utotoni huja kupiga watu. Wengi hawawi hivyo. Ila wanaopiga, ukirudi nyuma, mara nyingi unakuta kipigo, woga, na shule iliyowashinda. Hakimu akiyajua hayo, huenda akampeleka kijana asaidiwe badala ya kumfungia tu. Kisha akatoa picha ya darasa aliyopewa shuleni.

"Watoto wote mikono mifupi. Wako peke yake mirefu. Kwa nini?"

Fundi akaitazama. Mshono ni wake, hauwezi kumpotea.

"Mama yake alitaka hivyo. Kila mwaka. Eti mtoto anasikia baridi."

"Baridi gani, shemeji?" Shemeji akaweka wembe wa kufumulia chini. "Dada alikuwa anaficha alama. Walimu wasije wakakuita."

"Alama za nani?"

"Zako. Za ile mita yako ya mbao."

Kila mwanzo wa mwaka fundi alimpima mtoto yule: begani, kwapani, kiwikoni, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alimzungushia utepe akaangalia namba. Mkono wenyewe hakuutazama. Na mama mtu alikuwa pale pale, hatua moja, ameinamia vifungo.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Ukamjibu asikuharibie mtoto."

Akajaribu kukumbuka. Akakumbuka.

"Futa yale," akamwambia afisa. "Andika, baba yake. Kwa mita ya mbao. Tangu ana miaka mitano."

"Baba, hii itasomwa mbele ya watu. Hata wateja wako."

"Andika."

Afisa akaandika, akamsomea, akafungua kidau cha wino. Fundi akabonyeza dole gumba upesi, alama ikakwaruzika. Shemeji akainuka, akamshika mkono, akamsaidia kuweka nyingine.

"Kijana atakuwepo ikisomwa?" fundi akauliza.

"Atakuwepo, kizimbani."

"Niombee kwa hakimu niseme mwenyewe. Asiisikie kwa mdomo wa karani."

"Nitaomba. Akikataa?"

"Karani akisoma nitasimama. Aone kwamba ni mimi."

"Na asipokutazama?" shemeji akauliza.

"Nitasimama hivyo hivyo," fundi akasema, akaigeukia tena ile picha.