Mupira Amekula

Nikisikia harufu ya chungu kipya kinapomwagiwa maji kwa mara ya kwanza, moyo hunirudisha hapohapo Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Kwetu tulikiita nyungu. Na ndani ya nyungu ninayoikumbuka mimi, msinicheke, hatukupika sombe, kisamvu chetu. Alikaa nyoka.

Alikuwa chatu mdogo, wa ile aina isiyokua sana, mpole kuliko majirani wengi. Baba alimkuta shambani, akamleta amalize panya waliokuwa wakila mihogo yetu mikavu. Koko, mama yake baba, alishika kiuno: "Bantu banafuga kuku, we unatuletea nyoka!" Baba akacheka, akaniwekea mnyama yule mikononi. Akajikunja akawa mviringo kabisa, kichwa kakificha katikati. Ndipo baba akamwita Mupira.

Kisha baba akaenda Misisi kuchimba dhahabu, na vita vikafunga barabara nyuma yake. Hakuna mtu aliyepita, hakuna habari. Siku zilezile Mupira akaacha kula. Mimi, kwa akili za kitoto, nikaunganisha mambo hayo mawili: Mupira anamngoja baba, na siku atakayokula, baba atakuwa njiani. Basi nikaanza kazi. Nilimtegea panya, nikamwimbia, nikambembeleza. Wapi! Alijikunja tu, mgongo ukaanza kutokeza mifupa, nami nikawa nalala nikilia.

"We unamuangalia sana," Koko akaniambia. "Muingize mu nyungu na panya yake, ufunike, umuache."

Nikafunika kwa sahani. Lakini moyo ungetulia vipi? Nilifunua, nikafunika, nikafunua tena.

"Aa, mutoto huyu! Nani atakula kama kila saa unamufunula?"

Mama naye hakuwa na habari na Mupira wangu. Kila jioni alijifunika kitenge chake cha bluu, kichwa hadi miguu, akageukia ukuta. Alisema anasikia baridi. Baridi, katika joto lile la Baraka! Nilimwona hajali, si nyoka wala baba, na iliniuma sana.

Asubuhi moja nikajikaza. Nikafunika nyungu, nikabeba bidoni yangu, nikaenda ziwani kuchota maji na kukawia makusudi. Niliporudi nikafunua polepole. Panya hakuwemo. Tumbo la Mupira lilikuwa limevimba vizuri katikati. Jamani, furaha ile! Nikazunguka nyumba mbio, nikipiga kelele: "Mama! Mupira amekula! Baba anakuya!"

Mbele ya nyumba bamama wa jirani walikuwa wamekaa chini. Koko alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtu mmoja aliyekatiza porini alikuwa amefika kutoka Misisi, na habari kwamba baba ameuawa njiani akijaribu kurudi kwetu. Lakini mimi nilikuwa sijaambiwa. Niliona tu kitenge cha bluu na mama ndani yake, nikakivuta.

"Mama, amekula!"

Sitausahau uso ule. Mama hakunigombeza. Koko alikiokota kitenge, akamfunika tena taratibu, akaninong'oneza: "Umuache, mutoto yangu. Umuache."

Haukupita muda risasi zikafika Baraka, tukakimbilia Ubwari kwa mtumbwi. Mupira nilimwacha ghalani, kwenye panya wake. Sijui aliishia wapi.

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kwamba haikuwa baridi. Jioni zile zote mama alikuwa akilia ndani ya kitenge, mahali pekee ambapo sisi watoto hatungemwona, nami nikadhani hajali. Sasa amezeeka, na bado zipo siku anazojifunika. Wanangu huuliza ana nini. Nawatoa nje, naweka bugali wake karibu, naufunika kwa sahani, kisha narudishia mlango. Sichungulii.