Hapana ya Kwanza

Yule msichana wa mgahawani aliondoa sahani yangu nikiwa bado na njaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyempa ruhusa. Alikuja akitabasamu, akauliza kama aniongezee samaki, maana siku ile walikuwa wanaongeza bure mpaka mtu aseme basi. Nikamwambia hapana, asante, nimeshiba. Nikaegemea kiti, nikangoja aniulize tena. Jamani! Msichana wa watu akasema sawa, akachukua sahani pamoja na kipande changu cha limau, akaenda zake. Hatukumwona tena mpaka alipoleta bili.

Wenzangu wawili walicheka mpaka watu wa meza za jirani wakageuka. Nami nilicheka, lakini macho yangu yaliifuata ile sahani hadi mlango wa jikoni.

Tulikuwa kisiwani, kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Erie, Marekani, upande wa Ohio, ile wikendi ndefu ya mwanzoni mwa Septemba ambapo viwanda vingi hufunga. Ilikuwa 2015. Tulikuwa wanawake watatu, Warundi wote, tuliokulia kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, nyumba zetu za udongo zikitazamana. Mmoja aliishi Columbus, pembeni kule Hilliard, akihudumia wazee majumbani mwao. Wa pili alikuwa Buffalo, East Side, kazi yake kufunga nyama kiwandani. Mimi nilikuwa Louisville, na bado nipo, kwenye ghala moja kule Jeffersontown, nabandika lebo kwenye maboksi mpaka nikilala naota maboksi. Majina yetu tulishayaweka kando, tukawa tunaitana kwa miji: Mama Columbus, Mama Buffalo, na mimi Mama Louisville. Mama Columbus ametuzidi umri kidogo, kwa hiyo nikiwa na shida naye namwita dada.

Hakuna aliyetuuliza tunataka kwenda wapi. Kambini majina ya wanaopelekwa Marekani yalikuwa yanabandikwa ubaoni, kila jina na mji wake; ukiona lako unafunga virago. La kwangu lilitoka na Louisville, mwanangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilidhani Columbus na Buffalo ni mitaa ya pale pale. Nilimuuliza mtu aliyetupokea uwanja wa ndege tutakwenda lini kuwasalimia, tukitoka kanisani labda. Alinionea huruma hata akashindwa kunicheka.

Mama yangu alifia kambini kabla jina langu halijatoka. Katika Marekani nzima, waliomjua ni hawa wawili tu. Mama Buffalo akitaka kunichekesha huiga mama alivyokuwa akiniita niache kucheza nikachote maji, ile sauti yake ya kukwaruza, na mimi hucheka halafu natafuta leso. Nikiwa nao, mimi ni mtoto wa mtu. Louisville mimi ni mtu wa zamu ya pili. Majirani zangu ni watu wazuri, sisemi vibaya, lakini hakuna hata mmoja anayejua nilitoka kwa nani.

Na mama huyo ndiye aliyenifundisha kukataa. Ukienda kwa watu ukakaribishwa chakula, mara ya kwanza unasema asante, nimeshiba. Mara ya pili unasema nimekula sasa hivi nyumbani. Mara ya tatu unanawa mikono. Hayakuwa maringo. Mgao wa unga ulipochelewa, mtu aliweza kukukaribisha kwa adabu tu huku kilichomo sufuriani hakitoshi hata watoto wake. Ile hapana yako ya kwanza ilimpa nafasi ya kupumua. Akirudia mpaka ya tatu, ujue chakula kipo na anakutaka kweli. Sisi wote watatu tulilelewa hivyo.

Mama Columbus alipomaliza kucheka pale mgahawani, alijifuta machozi kwa karatasi ya mezani. "Sikilizeni," akasema. "Mimi kutwa nabembeleza wazee. Bibi kunywa dawa, babu twende tukaoge. Nimechoka. Hapa kisiwani sibembelezi mtu. Mtu akisema hapana, ni hapana. Anayetaka aseme nataka."

"Kama Wazungu," akasema Mama Buffalo, mdomo umejaa.

"Ndiyo, kama Wazungu, wana raha zao. Mama Louisville, umesikia sheria?"

"Nimesikia, mheshimiwa. Ila samaki wangu wananiuma."

Akanisogezea sahani yake. Tukaila watatu kwa mikono, Mama Buffalo akilalamika kwamba samaki hawana vichwa, kwani vichwa wamevipeleka wapi, na mtu utajuaje kwamba umekula samaki. Nilishiba. Sikukumbuka tena kama kuna sheria imetungwa.

Kesho yake tukakodi kigari kidogo, vile vya wacheza gofu, maana pale kisiwani ndivyo watu wanavyotembelea. Dereva alikuwa Mama Columbus. Mwanamke yule anaendesha kama amemwibia mtu! Tulipiga mayowe kila kona, na yeye akawa anatukemea tusimtie aibu mbele ya watu. Tukasimama upande wa kisiwa usio na watu, penye mawe mapana yaliyolala hadi majini, tukatoa mandazi niliyoyapika Louisville. Mama Buffalo aliteremka akayaonja maji. Akatangaza kwamba maji ya Tanganyika ni matamu zaidi, tukabishana hapo kama wajinga.

Halafu Mama Columbus akaanza kusema, macho yake kwenye maji. Nyumba anayokaa Hilliard ina pande mbili, zinagawanywa na ukuta mmoja, na veranda mbele ni moja. Jirani wa upande wa pili anahama mwisho wa mwezi wa kumi. Mwenye nyumba amemwambia kama ana ndugu amlete, kabla hajaweka tangazo. Shule iko karibu, watoto wanakwenda kwa miguu. Kazi hazikosekani. Akanigeukia mimi. Si Mama Buffalo, mimi.

"Mama Louisville, njoo tukae."

Haki ya Mungu, moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilishaona sufuria zangu kwenye jiko la ile nyumba ambayo sijawahi kuiona. Nilishamwona mwanangu anatoka shule anapitia kwa dada kwanza, anakula, ndipo anakuja kwetu. Nilishasikia mtu anagonga ukuta kuniuliza kama nina chumvi. Na mdomo wangu, mdomo uliolelewa vizuri, ukasema:

"Ah, hapana, dada. Nisije nikakusumbua. Na kule nimeshazoea."

Nikainamisha kichwa, nikakata kipande cha andazi, nikangoja mara ya pili.

Jibu la pili nilikuwa nalo tayari, lile la kulegea: sijui kama mtoto atakubali. La tatu nalo lilikuwa limekaa kwenye ulimi: haya basi, nitakuja. Upepo ulivuma. Ndege mmoja mweupe alitusogelea akiyatolea macho mandazi.

"Sawa," akasema Mama Columbus. Akageuka upande wa pili. "Na wewe je?"

"Mimi nataka!" Mama Buffalo alidakia hata hajameza. "Lini? Baridi ya kule imenishinda, theluji inaziba mlango mpaka tunatokea dirishani. Niandike leo, niandike hapa hapa."

Wakakumbatiana, na mimi wakanivuta katikati. Mama Buffalo alikuwa analia. Ana watoto watatu, na alikuwa anawalea peke yake katika nyumba ambayo bomba zake hupasuka kila mwezi wa kwanza. Ningefungua mdomo vipi pale niseme ngojeni, nami nataka, yule msichana anirudishie sahani yangu? Nikapiga vigelegele. Mimi huyu, nikapiga vigelegele, na nilivipiga vizuri.

Kwenye kivuko cha kurudia bara Mama Columbus alinishika mkono. "Una nini?"

"Maji tu yananichefua."

"Wewe? Mtu wa Tanganyika?"

"Nimezeeka, dada."

Akaenda kuniletea soda ya tangawizi. Nikainywa yote. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu nyingine, na niliinywa na soda.

Nilifika Louisville kwa basi. Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza kama kisiwa kilikuwa kizuri. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba kilikuwa kizuri sana. Akarudi kwenye mchezo wake wa simu, na mimi nikafungua friji nikasimama mbele yake bila kutafuta kitu.

Mwezi wa kumi na moja ilikuja picha kwenye simu: veranda, viti viwili vya plastiki, na Mama Buffalo amekaa kwenye kimoja, ameinua kikombe. Nikajibu kwa mioyo mingi myekundu. Halafu nikakasirika, na nilikasirika muda mrefu, nisidanganye. Nilimkasirikia Mama Columbus kwa kuuliza mara moja kama mtu wa benki. Nilimkasirikia Mama Buffalo kwa kudakia. Nilimkasirikia yule msichana wa watu wa mgahawani, ambaye hana hata habari na mimi. Kuna siku nilimkasirikia mama yangu kaburini, nikiwa nimesimama kwenye mkanda wa maboksi, na siku hiyo nilibandika lebo kichwa chini mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Hakuuliza tena.

Nilikwenda Hilliard Pasaka ya mwaka uliofuata. Mama Buffalo alikuwa kazini, amepata kazi ya kuhudumia wazee pale pale na Mama Columbus, wanapishana zamu, anayebaki anaangalia watoto wa wote. Nilikuta milango yote miwili iko wazi. Watoto walikuwa wanatoka huku wanaingia kule, hata ungeshindwa kujua yupi ni wa nani, na mwanangu baada ya muda mfupi alikuwa ameshapotelea humo humo. Nilimsikia anacheka upande wa pili wa ukuta. Nyumbani hachekagi hivyo.

Mama Columbus alikuwa amepika ugali, maharage, na samaki mzima, na kichwa chake. Tulikula wawili jikoni. Sahani yangu ilipokwisha akasema, "Ongeza."

"Nimeshiba, dada." Na safari hii nilikuwa nimeshiba kweli.

"Umeshiba nini? Lete sahani."

"Kweli, nimekula sana."

"Hebu acha mambo yako, umetoka mbali. Lete hapa."

Nikamtazama. "Dada, na ile sheria yako?"

"Sheria gani?"

"Ya kisiwani. Kwamba hakuna kubembelezana. Mtu akisema hapana, ni hapana."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Mimi nilisema hivyo? Mwongo wewe!" Akacheka. Alikuwa hakumbuki kabisa.

Mimi sikucheka. "Kama hukuwa umeishika sheria," nikasema, "kwa nini ile siku ya nyumba uliniuliza mara moja tu?"

Kicheko kikamwisha usoni. Aliuweka mwiko chini. "Ulisema umezoea kule. Nikasema moyoni, huyu ana maisha yake, ana kazi nzuri, ana kanisa lake, nisimvute. Nikaona aibu hata kuuliza tena. Nilidhani unatuonea huruma na hiki kijumba chetu."

"Nilikuwa nataka."

"Unasema?"

"Nilikuwa nataka kuja, dada. Tangu ulipotamka. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Alinitazama, na nikamwona anarudi nyuma mpaka kambini, mpaka mlangoni kwa mama yangu, anasimama pale na njaa yake ya utotoni anasema asante mama, nimeshiba. Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote. Akajishika mdomo kwa mkono wenye ugali.

"Si ungesema," akasema hatimaye, taratibu sana.

"Ndiyo nasema sasa."

Upande wa pili mtoto aligonga ukuta, wa kwetu au wa kwao, na mwingine akajibu kwa kugonga mara mbili. Mama Columbus aligeuka akautazama ule ukuta, kisha akanitazama mimi. Alifungua mdomo kama anayetaka kunikaribisha, akaufunga. Hakuwa na nyumba nyingine ya kunipa. Akauchukua mwiko, akaivuta sahani yangu bila kuniuliza, akanijazia ugali, akaweka juu yake kichwa cha samaki, akanisogezea.

Nikanawa mikono upya, nikala wote.