Bi Makadirio na Vifuniko Mia Nne

Shemeji yangu ana ugonjwa wa furaha, na dawa yake haijapatikana. Namzungumzia dada mkubwa wa mke wangu. Siku alipoambiwa aache mstari wa kufungasha apande ofisini kuwa mpangaji wa mahitaji, alishuka ngazi mbio hadi ghalani kwangu, akanikuta nahesabu mabeseni, akanishika mikono yote miwili na kunizungusha mpaka hesabu ikanipotea.

"Shemeji, nimepata kiti!" alipiga kelele. "Kina magurudumu!"

"Kiti nacho ni habari?"

"Muulize aliyesimama miaka kumi na saba akibandika lebo kwenye ndoo."

Nikaanza kuhesabu mabeseni upya.

Furaha hiyo ilikuwa na sharti lake. Meneja wa uzalishaji, mtu ambaye hata akicheka hutazama saa, alimpa miezi mitatu ya majaribio. Mwishoni mwa mwezi wa tatu meneja angechagua bidhaa moja, yoyote aitakayo, alinganishe makadirio ya shemeji na mauzo halisi ya mwezi. Yakipishana sana, shemeji anarudi chini kusimama. Mtu mwingine angekosa usingizi. Yeye alinunua mto wa kukalia.

Kiwanda chetu kinatengeneza vyombo vya plastiki, aina mia nne na kumi na mbili ukihesabu na rangi zake. Mwaka ule ilikuwa imenunuliwa programu ya kukadiria kitakachouzwa, ili mashine zisimwage mabeseni yasiyotakiwa wakati wateja wanalilia majagi. Ndani ya programu kila bidhaa ina ukurasa wake wa machaguo: itumike mbinu gani, isomwe historia ya miezi mingapi, bidhaa ina msimu au haina, na mwezi gani urukwe kwa sababu ulitokea mambo ya ajabu. Waliotuuzia programu walijaza machaguo yaleyale kwenye kurasa zote, wakanywa chai, wakaondoka.

Jambo hilo lilimkera shemeji kuliko tusi. "Umeona wapi watoto mia nne na kumi na wawili wakashonewa suruali ya kipimo kimoja?" aliniuliza. Akaingia ukurasa mmoja mmoja, na kila bidhaa aliisema kama anayemsema wifi yake. Beseni la bluu ni sahaulifu, lisomewe miezi mitatu tu. Ndoo ndogo ina msimu, hupanda shule zikifunguliwa, iwekewe miaka mitatu. Beseni kubwa lilipata oda moja kubwa ya bweni mwezi wa tano na tangu hapo linaringa bure, mwezi wa tano urukwe. Akipatia alipiga meza kofi na kuimba. Mhasibu wa chumba cha pili akahamisha meza yake, na wafungashaji wakampa jina la Bi Makadirio, ambalo alilipokea kama cheo cha pili.

Wiki ya tano alifika kwenye kifuniko cha ndoo ya lita ishirini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na karatasi za ghala. Kifuniko hicho kilikuwa na tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa "usikadirie", kwa kuwa historia yake ilikuwa sifuri miezi yote. Kwetu kifuniko kilitoka na ndoo yake, hakikuuzwa peke yake. Shemeji akaiondoa tiki. Kwenye mbinu akachagua "fuata bidhaa nyingine", akaandika ndoo ya lita ishirini, na kwenye kisanduku cha kuchelewa akaweka miezi minane. Programu ikatafakari kidogo, ikataka ajaze uwiano wa vifuniko kwa ndoo. Akajaza. Ikatoka mia nne kwa mwezi.

"Kwa nini minane?" nilimuuliza.

"Ndiyo umri wa kifuniko kwenye nyumba yenye watoto. Wanakikalia."

"Na huo uwiano umeutoa wapi?"

"Kichwani," alisema, akajisukuma kwa mguu, kiti kikazunguka mara mbili, na kila uso wake ulipopita kwangu alinipungia mkono.

Niliuliza kwa sababu niliyoijua mimi peke yangu. Wenye maduka walikuwa wakija kuchukua ndoo, kisha wananong'ona: mtunza ghala, wateja wangu vifuniko vyao vimepasuka, nifanyie wema. Mimi nina moyo mwepesi. Nilivua vifuniko vya ndoo mpya nikawapa. Ndoo zilizobaki uchi niliziandika "mbovu" na kuzipanga nyuma kabisa ya ghala, chini ya turubai. Nilianza na tano. Mwaka ulipopita turubai lilikuwa na umbo la nyumba. Fundi wa mashine alishagombezwa mara tatu kwa kutoa ndoo mbovu, na mara zote tatu nilimwonea huruma kwa dhati, kimyakimya.

Sasa vifuniko mia nne vilitengenezwa, vikaletwa ghalani kwenye mifuko mizuri, na bei yake ikabandikwa. Mtu mwenye akili angewauzia wenye maduka na kuandika. Nami nilitaka. Lakini nikiandika vifuniko kumi na vitano kwa siku, si meneja atauliza walikuwa wanavipata wapi zamani? Nikaogopa. Wakinong'ona, nami navua vya ndoo kama zamani. Mwezi wa tatu wa majaribio ulipoisha, vifuniko vilivyouzwa kwa maandishi vilikuwa tisa.

Meneja akachagua kifuniko. Bila shaka alichagua kifuniko; hata mimi ningekuwa meneja ningekichagua.

Kikao kilikuwa asubuhi, ofisini kwa shemeji. Tulikuwa wanne: meneja, fundi wa mashine, mimi na mwenye kiti. Yeye alivaa gauni lake la njano la harusini, maana alishaamua siku hiyo ni sherehe.

"Makadirio mia nne," meneja alisoma. "Mauzo tisa. Mama, nieleze."

Shemeji alitazama skrini, akakivuta kiti karibu nayo.

"Uwiano huu uliutoa wapi?" meneja aliuliza.

"Kichwani."

"Mtu hatoi kichwani namba ya mia nne na miezi minane. Ulihesabu kitu. Ulihesabu nini?"

Akanitupia jicho, mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Nikaelewa yote. Alikuwa ameingia chini ya turubai. Alikuwa amezihesabu ndoo zangu moja moja, akajua kila kitu, na kwa wiki zote hizo hakunitaja.

"Kama hakuna maelezo," meneja alisema, "Jumatatu utarudi chini."

"Sawa, mkuu," shemeji alijibu, na akatabasamu. Tabasamu lile lilinichoma rohoni. Akaanza kuufungua mto wake kwenye kiti.

"Vifuniko vimeuzwa!" nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, nikarudia. "Mkuu, vimetoka. Nimevitoa mimi. Twendeni ghalani nikawaonyeshe."

"Shemeji, kaa kimya," alininong'oneza.

"Sikai."

Nililivuta turubai kwa mikono yangu. Ndoo zikaporomoka kwa kelele, zikabingirika hadi kwenye viatu vya meneja, nyekundu, kijani, nyeupe, zote vichwa wazi. Fundi wa mashine aliokota moja, akaigeuza, akaipigapiga, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii si mbovu," alisema polepole. "Hii nzima! Na hii! Wewe! Nimegombezwa mara tatu!"

"Nne," meneja alisema. "Ya nne nilikuwa nimekupangia leo."

Shemeji alikuwa ameshika tumbo. Kicheko kilimtoka kwanza puani, kisha akakaa chini sakafuni na gauni lake la njano, akacheka mpaka machozi yakamtiririka. Fundi naye akaambukizwa. Mimi nilicheka kwa woga.

"Mama, acha kucheka," meneja alisema. "Zitasaidia nini hizi?"

"Zigeuze, mkuu," alisema akijifuta macho. "Ziangalie kitako."

Kila ndoo yetu ina alama kitakoni, duara lenye mshale unaoonyesha mwezi iliyotengenezwa. Na ndoo ya lita ishirini haimalizi wiki mbili ghalani. Kwa hiyo kila ndoo isiyo na kifuniko ilikuwa na tarehe yake, na historia yote ambayo programu iliiona sifuri ilikuwa imelala pale chini ya turubai. Tukavua makoti. Meneja mwenyewe alikunja mikono ya shati. Tulizipanga kwa miezi sakafu nzima, tukizirushiana, fundi akitaja mwezi, mimi nikipanga, shemeji akiandika na kuimba. Fungu la mwezi wa tatu wa majaribio ndilo tulilolihesabu la mwisho.

"Mia tatu sabini na nane," fundi alisema.

"Na vifuniko tisa vya maandishi," nikasema.

Meneja alijumlisha kwa kidole hewani. "Mia tatu themanini na saba. Kwa makadirio ya mia nne." Akatazama saa, na kwa hiyo nikajua anacheka. "Mama, funga mto wako kwenye kiti."

Shemeji alipiga vigelegele hadi wafungashaji wakaja mlangoni.

Mimi nilipewa barua ya onyo, kali, na amri ya kumwomba fundi radhi mara tatu, hadharani. Nilistahili zaidi ya hapo. Jioni hiyohiyo shemeji alikaa kuingiza vifuniko vyote kwenye historia, mwezi kwa mwezi, na meneja akasimama kando yake. Programu haikubali kurekebisha historia bila sababu. Akaandika: vifuniko vilitoka bila kuandikwa.

"Vilitolewa na nani?" meneja aliuliza. "Jina halipo."

"Mkuu, nimetafuta," alisema kwa uso mkavu kabisa. "Programu hii haina sehemu ya kuweka shemeji."

Nilimwangalia. Mwanamke huyu alikuwa tayari kusimama tena maisha yake yote ili mdogo wake asikose mshahara wa mume, na hata sasa, ameshashinda, bado ananificha. Nikainama mbele yake, nikavuta kibodi, nikaandika kwa kidole kimoja: na mtunza ghala, kwa uoga wake. Aliusoma mstari ule mara mbili, akanifinya shavu kama mtoto, akabonyeza "hifadhi" haraka kabla sijabadili mawazo.