Kenchi Zisizofungwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kidato cha pili katika shule ya serikali huku Kibiti, mwalimu wetu wa useremala alinikabidhi randa ya kulainishia mbao nami nikairudisha mezani.

"Mwalimu, mimi sikuja shule kuzoa maranda," nikamwambia.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu yule, Mmatumbi mpole, hakunifokea. Alinitazama tu, akasema, "Haya, baba. Ila mbao haimwogopi mtu kwa kuwa ana kalamu."

Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa. Tangu hapo kila kipindi cha karakana nilijificha na vitabu vyangu. Mwenzangu Zuhura, binti wa wakulima wa mpunga wa Chumbi, alibaki na msumeno wake, akitaniwa kwamba ataolewa na gogo.

Miaka ikapita. Nikawa mtendaji wa kijiji kimoja cha huko delta, vile vijiji vya kufikiwa kwa boti. Wananchi walijitolea mchanga na tofali, tukajenga darasa. Siku ya kukabidhiwa, fundi mkuu akaniletea karatasi nitie saini kwamba kazi imekamilika. Zuhura naye alikuwapo, kwani ndiye aliyeitwa kutengeneza madawati. Akanivuta kando.

"Bwana Mtendaji, kwa heshima yako, usisaini. Nimepanda juu nikaona. Kenchi zimekalishwa ukutani kama kofia kichwani. Hazikufungwa popote."

Nikazitazama hizo kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa. Niliona mbao, nikaona na bati linang'aa. Ningejuaje zaidi ya hapo? Na aibu ya kutojua, mwanangu, mara nyingi huvaa kanzu ya ukali.

"Zuhura, wewe umeitiwa madawati," nikamjibu. Nikatia saini.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwezi haukuisha, upepo wa masika ukavuma mchana, watoto wamo darasani wanasoma. Ukaingia chini ya bati, ukalibeba paa zima. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Lakini Mwanaidi, mtoto wa darasa la pili, aliangukiwa na mbao, mguu ukavunjika.

Tulimpeleka hospitali kwa boti, mama yake amempakata. Njia nzima yule mama hakulia wala hakunilaumu. Tulipokaribia nchi kavu ndipo akaniuliza, taratibu kabisa, "Mtendaji, si wewe ndiye uliyesoma?"

Swali hilo nililibeba mpaka hospitali. Hata leo ninalo.

Mguu ulipona, ingawa Mwanaidi huchechemea kidogo mpaka sasa, naye ni mama wa watoto. Niliitisha mkutano nikawaambia wanakijiji kwamba nilionywa nikakataa kusikia. Kisha nikamfuata Zuhura. Nilidhani atanicheka. Alinipa ncha ya pili ya mbao, akasema, "Shika hapo, usitikise."

Tukalipaua upya lile darasa. Nilizifunga kenchi kwa mikono yangu kwenye nondo zilizochomoza ukutani, yeye akikagua, na kila nilipokosea alinifungulisha nianze tena. Mtu mzima mwenye cheo, natokwa jasho nikijifunza jambo nililopewa bure nikiwa mwanafunzi!

Sasa nasikia umepangiwa mkondo wa amali, ule wa masomo ya ufundi, nawe umenuna kwa sababu wenzako wanasema huko hupelekwa walioshindwa. Mwanangu, niliwahi kusema hivyohivyo. Hesabu ya kenchi ni ileile ya ubaoni, ila ya kenchi ukiikosea kuna watu wamekaa chini yake. Nenda kajifunze. Ukiwa fundi, utakuwa fundi anayejua kwa nini anafanya anachofanya, na mkono wa namna hiyo haulali njaa. Na ukija kuwa mwenye ofisi, utatia saini kazi za wengine, basi ni heri uwe na macho ya kuziona. Fundi akikuonya, hata akiwa amejaa vumbi, msikilize kabla hujamjibu. Shule ikikupa nyundo, ipokee kwa mikono miwili kama unavyopokea kitabu.

Mola akujaalie mikono yenye maarifa na masikio yenye subira, na kila utakachokijenga wakae ndani yake watu kwa amani. Amin.