Bango la Shemeji na Miguu ya Cherehani

Mtu wa kawaida akitaka kukudhalilisha, hukusengenya. Shemeji yake Futi hakuwa na muda wa kunong'ona. Alimchapisha kwenye bango lenye ukubwa wa mlango wa gereji, akalitundika kwenye nguzo mbili, ng'ambo ya barabara, likitazamana na duka lake la ushonaji jicho kwa jicho.

Futi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mwili wa kujaza kiti na ulimi wa kujaza chumba. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu anakupima kwa macho kabla hujamaliza kusalimia, anakwambia kiuno kimeongezeka tangu lile gauni la mwisho, ukienda kwenye kamba ya vipimo unakuta ni kweli. Duka ni chumba cha mbele. Chumba cha nyuma anakaa na mama yake, pazia tu katikati, kwa hiyo lolote linalosemwa dukani mama hulichangia kutokea kitandani. Cherehani yake ni ile ya chuma ya kukanyaga kwa miguu. Wenzake wamehamia za umeme, na umeme ukikatika wanakaa barazani kupiga miayo, naye ndani anakanyaga tu, taka-taka-taka, kama anaifukuza siku.

Shemeji mwenyewe ndiye mume wa mdogo wake, na ana jimu, ukumbi wa watu kufanyia mazoezi. Mtaa unamwita Kifua, maana akiingia mahali kifua ndicho kinachotangulia, yeye anafuata baadaye kidogo. Ndiye aliyembembeleza Futi: "Njoo siku moja ujaribu, shemeji. Bure kabisa." Futi akasahau kwamba cha bure kina meno. Akaenda, akapandishwa kwenye baiskeli isiyokwenda popote, na alipofika pale ambapo macho yamemtoka na mdomo uko wazi kama mfuko uliosahauliwa kushonwa, Kifua akampiga picha. "Ya kumbukumbu," alisema.

Kumbukumbu yenyewe ndiyo hiyo iliyopanda juu ya nguzo. Juu kabisa, jina la jimu. Kushoto, Futi na jasho lake, chini yake herufi nyekundu: KABLA. Kulia, mwanamke mwenye kiuno cha nyigu: BAADA. Huyo wa kulia hakuwa Futi. Hakuwa hata mtu wa mtaa ule.

Maneno yakaanza. "Fundi, hiyo BAADA unaianza lini?" Mwingine alileta kitambaa cha gauni, akasema apimwe na mtu mwingine, asije akaambukizwa KABLA. Mtoto mmoja aliyeletwa kushonewa sare alilitazama bango, akamtazama Futi, akalitazama tena bango, kisha akamvuta mama yake mkono: "Mama, ndiye."

Jumapili Futi na mama yake wakaenda kwa mdogo wake, kula kama kawaida ya familia. Hakungoja wali ushuke tumboni.

"Shemeji, shusha lile bango."

"Bango lipi?"

"Lenye sura yangu. Au na mama yako umemtundika mahali?"

Kifua akacheka. "Utani tu, shemeji. Halafu limeniletea watu, hujui tu! Wewe ni baraka."

"Mimi ni dada wa mke wako. Baraka katafute kwenu."

Kifua akaweka kijiko chini. Wiki zile alikuwa haongei kitu ila traiathloni: yale mashindano ambayo mtu anaogelea, anapanda baiskeli, kisha anakimbia, yote mfululizo, bila kupumzika na bila kushikiwa bunduki. Mji ulikuwa umeyaandaa kwa mara ya kwanza, naye alishajiandikisha. "Basi tufanye hivi," akasema. "Njoo ushindane. Ukimaliza mbele yangu, nalishusha kwa mikono yangu hii." Akaikunja mikono ile ili meza nzima ione kinachozungumzwa.

Meza ikacheka. Hata mdogo wake alicheka, kidogo, kwa pua. Bango lilimuuma Futi, lakini kile kicheko cha pua kilimwingia kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo.

"Mama, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia," mama akajibu huku akitafuna. "Ila wewe mwanangu hata beseni unaliogopa."

Kesho yake Futi akajiandikisha. Wengine huamshwa na saa. Yeye kuanzia siku ile aliamshwa na hasira, nayo haikuwahi kuchelewa.

Alianza na maji. Nguo ya kuogelea hakununua, fundi gani anunue nguo? Alijishonea mwenyewe, kitambaa kizuri cha pamba, mikunjo kifuani, na ndani akatia sponji ya mabega ya makoti ili imsaidie kuelea. Mshono ulikuwa safi, ungeweza kuutundika ukutani. Kosa ni kwamba aliuamini mshono akasahau kitambaa. Alipoingia kwenye bwawa la mji, ile sponji ikanywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari, na Futi akateremka taratibu, kwa heshima, mpaka sakafuni. Mwalimu wa kuogelea, binti mdogo mwenye filimbi, alimvuta kwa mkanda wa mgongoni.

"Shangazi, hii nguo au godoro?"

"Cheka tu, mwanangu. Kuna mtu nataka nimzamishe, sasa lazima kwanza nijue kuelea."

Akawekwa darasa moja na watoto wa miaka saba. Wenzake walikuwa wanaruka kama vyura. Yeye aliambiwa ashike ukingo, atie uso majini na kupuliza mapovu. Kila povu alilipa jina. Ki. Fu. A. Binti wa filimbi alishangaa mtu mzima anayepuliza kwa chuki kiasi kile, lakini pumzi ilikuja. Akajishonea nguo nyingine kwa kitambaa cha kunyumbulika kilichobaki kwenye kazi ya kufunika viti vya harusi, kipande kimoja, mikono mifupi, mpaka magotini. Mama alipoiona akasema, "Umependeza. Harusi ni ya nani, tuje tukukalie?"

Baiskeli haikumsumbua. Alikuwa nayo ile ya kupelekea wateja nguo, nzito, ina kikapu mbele, siti imechanika inauma kama mbwa wa geti. Lakini miguu iliyokanyaga cherehani miaka kumi na tano haiogopi pedeli. Kila asubuhi alipita chini ya bango, akalitazama, akatema mate pembeni, akakanyaga.

Kilichomshangaza ni kukimbia. Kukimbia peke yake aliweza, kwa mwendo wa mtu aliyesahau chungu jikoni. Siku ya kwanza aliposhuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia hapo hapo, miguu ikagoma. Ikaenda kushoto, yeye akaenda kulia, wakakutana chini mbele ya kibanda cha kuuza vocha. "Fundi siku hizi anakunywa asubuhi," mtu akasema. Futi akajifuta vumbi na kuelewa kwamba mwili unapaswa kuzoezwa ule ugeuzi wenyewe. Basi akabuni lake: anashona mfululizo mpaka mapaja yanawaka, halafu anainuka palepale kwenye stuli, hata vidole havijaacha kitambaa vizuri, anatoka mbio kuzunguka mtaa, kamba ya vipimo ikipepea shingoni. Wateja wakazoea kusubiri. "Amekwenda wapi?" "Anakimbia, anarudi, kaa."

Zikiwa zimebaki siku chache, Kifua mwenyewe akaingia dukani na mfuko. Ndani yake lilikuwa vazi la mashindano, la kipande kimoja, zipu mgongoni, jina la jimu limeandikwa kwa herufi kubwa.

"Shemeji, nibanie hili. Linapwaya."

Ukitaka kujua dharau ina sura gani, ndiyo hiyo: mtu anakutundika juu ya nguzo, kisha anakuletea nguo umshonee.

Futi akampima kwa macho. "Halipwayi. Ndivyo linavyotakiwa."

"Libane. Misuli ionekane. Nitaogelea na kaptula, nikitoka majini ndio navaa hili, likiwa kavu, jina lisomeke vizuri."

Futi akafungua mdomo amwambie kwamba nguo kavu ya kubana haipandi kwenye mwili uliolowa. Hata mtoto anayevalishwa soksi baada ya kuoga anajua. Akaufunga. Mteja hakuuliza.

"Nikuachie akiba ndani ya mshono? Ukitaka kulegeza baadaye..."

"Kata akiba yote. Mimi sinenepi, shemeji. Mambo hayo ni yenu," akasema, akionyesha bango kwa kidevu.

Alipoondoka Futi akalibana, akaikata ile akiba, vipande vikaanguka sakafuni. Akafika kwenye mshono wa makalio. Hapo mkono ukasita. Akachukua sindano na uzi mwepesi, akapiga bandi tu, ule ushonaji wa kushikizia kwa muda, ambao mtu akiinama mara moja juu ya baiskeli unaachia wote. Akaiona picha: Kifua barabarani, jina la jimu juu, makalio nje, mji mzima umejipanga. Akacheka peke yake.

"Mbona cherehani imenyamaza?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Napiga bandi."

"Kwenye nguo ya nani?"

"Ya mkweo."

"Ikichanika," mama akasema, "atasema alikuwa anashinda mpaka nguo ilipomwangusha. Hadithi hiyo tutaisikia kila Jumapili mpaka tuzikwe. Na bango litabaki pale pale."

Futi akaitazama sindano. Kisha akaifumua bandi yote, akakalia stuli, akapitisha mshono mara mbili kwa uzi wa kushonea mabegi. "Hapana," akasema. "Nataka ashindwe akiwa amestirika."

Siku ya mashindano bwawa lilijaa watu. Kifua alijirusha majini kwa kishindo, na mpaka hapo ndipo ufundi wake ulipoishia. Misuli ile ya kujitazamia kwenye kioo ilikuwa mizito kuliko sponji ya mabega, akawa anayapiga maji badala ya kuyapita. Futi alikwenda polepole, uso ndani, akipuliza lile lile jina la Kifua, na akatoka mbele yake. Mwili wake ulishavaa kila kitu. Akawa anafunga viatu tu, mtu mmoja kwenye uzio akiuliza kama huyo si kiti cha harusi.

Ndipo akasikia, "Shemeji! Shemeji, zipu!"

Kifua alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake ya bei mbaya, vazi limefika mabegani, mkono mmoja umeingia, mwingine umenasa kwenye kiwiko, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watu walianza kucheka. Mdogo wake alikuwa kwenye uzio, mkono mdomoni.

Futi angeweza kuondoka. Alishapanda baiskeli, mguu mmoja uko kwenye pedeli. Lakini akaona Jumapili zote zijazo: zipu, zipu ndiyo iliyoniponza. Akashuka. Akauchomoa ule mkono, akamgeuza, akaweka goti mgongoni kwake, akaipandisha zipu kama anayefunga gunia la mkaa, mpaka shingoni.

"Unapumua?"

"Ki-kidogo."

"Inatosha. Misuli inaonekana."

Barabarani Kifua akampita mapema, baiskeli yake ikilia kama mjusi, naye akarusha neno nyuma: "Asante, KABLA!" Futi alikuwa anakanyaga. Taka-taka-taka. Siti ilimuuma, kikapu kilipiga kelele, naye akaweka macho kwenye ule mgongo wenye maandishi kama sindano inavyofuata mstari wa chaki.

Aliposhuka kukimbia, miguu ilitaka kwenda kushoto na kulia. Akaijua. Akaikimbiza kama ndiyo kwanza ameinuka kwenye stuli ya dukani, ikanyooka. Baada ya kona ya mwisho akamkuta Kifua. Alikuwa anatembea, mikono kiunoni, uso rangi ya biringani, pumzi inaishia kooni kwa sababu chini ya hapo hapakuwa na nafasi.

"Shemeji," akasema kwa sauti nyembamba. "Huna... huna mkasi?"

"Ungeacha akiba," Futi akasema, "ningekulegezea."

Akampita. Alimaliza karibu na mkia, nyuma ya vijana, nyuma ya mzee mmoja wa posta, lakini nyuma yake kabisa kulikuwa na Kifua, amestirika kila mshono, hana hata tundu la kusingizia.

Asubuhi iliyofuata, saa ya watu kwenda kazini, Kifua alipanda ngazi. Mama alitoa kiti akakaa mlangoni. "Mkwe, upande wa kushoto bado umening'inia!" Bango liliposhuka, Futi akavuka barabara akalidai. "Nipe, ni turubai zuri, halipitishi maji." Kifua hakuwa na kifua cha kubishana.

Sura yake mwenyewe Futi aliikata vizuri na kuihifadhi. Mama akaiomba afunikie pipa la maji, akidai mbu watakimbia wenyewe. Kile kipande chenye jina la jimu Futi akakishona kwenye cherehani mchana kutwa. Jioni mdogo wake alipokuja, akakuta baiskeli ya dada yake mlangoni ina siti mpya, imeshonwa kwa mshono mara mbili, imejaa sponji, na juu yake, pale pale pa kukalia, jina la jimu ya mume wake kwa herufi kubwa.

"Dada, si mmeshamalizana?"

"Tumemalizana," Futi akasema. Akapanda, akajikalisha kwa raha, akajizungusha mara mbili mpaka akakaa sawasawa. "Napeleka nguo tu. Njia ya jimu ndiyo fupi."

Mdogo wake akalitazama lile jina likitoweka chini ya gauni la dada yake. Akacheka, kidogo, kwa pua.