Mbegu Kutoka Makaburini

Siku yangu ya kwanza kazini nilitegemea kukabidhiwa miche. Bwana Misitu wa Wilaya akanikabidhi sururu. Akanipeleka nje ya kijiji cha Miteja, kwenye shimo walikochimba kifusi wajenzi wa barabara wakaenda zao. Palibaki changarawe tupu. Kila masika maji yalishuka humo na kukata korongo, nalo lilikuwa likisogea kwa Bi Somoe, mjane kijana aliyenizidi miaka michache. Lilikwisha kumlia mikorosho miwili. Jiko ndilo lililofuata.

Tulipanda mijohoro mitupu, safu kwa safu, nami nikajiona fundi. Kiangazi ikakauka yote, maana changarawe haishiki maji. Bwana Misitu, mtu wa maneno machache, aliitazama akasema, "Hapa panataka mchanganyiko. Ukoka ushike juu, vichaka kati, mizizi mirefu chini. Katafute mbegu zilizozoea mawe."

Mawe kama yale yenye kichaka yalikuwa mahali pamoja tu: makaburini, juu ya kilima kile kile kilichochimbwa shimo, ambako panga haliingii. Mipingo, mikunazi na mikwaju ilijiotea yenyewe. Niliwaomba wazee ruhusa, wakanijibu kwa upole kwamba cha makaburini hakitoki. Niliumia sana, maana mvua zilikaribia na Bi Somoe alishaanza kuhamisha vyungu.

Aliposikia, alijitanda kanga akaenda mwenyewe barazani kwao.

"Mume wangu kalala pale," aliwaambia. "Nyumba ile kaijenga kwa mikono yake. Hawezi kuninyima mbegu."

 Wazee wakasoma dua, wakaturuhusu kuokota zilizoanguka tu, bila kutikisa tawi.

Tukachimba makingamaji, yaani matuta ya kukatiza mteremko, tukapanda kila aina pamoja na kutandaza majani makavu juu. Miche mingi ilikufa. Lakini ukoka ulishika, vichaka vikafuata, na korongo likasimama hatua chache kutoka jikoni.

Baadaye nilihamishiwa Lindi, nikatumikia mabwana misitu wengine, wapole na wakali, hadi nikastaafu. Vijana wakiniuliza siri ya kazi nawaambia wachanganye, wavumilie, na wawaombe wenyeji kwa adabu.

Juzi nilipita Miteja. Shimo limekuwa msitu mdogo. Nilimwamkia Bi Somoe shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanigombeza: ngedere wanatoka kwenye kichaka changu na kummalizia mahindi. Nikamwomba radhi.

"Waache," akasema. "Ngedere nikimtupia jiwe anakimbia. Korongo ningelitupia nini?"