Mshtaki Aliyehesabiwa Mhalifu

Siku yangu ya kwanza ya ukarani katika kituo cha polisi Changamwe, miaka ile ya Vita vya Pili vya Dunia, sajini alinifundisha kazi kabla hata sijaonyeshwa kiti. "Mtu akifika kaunta, muulize kipande kwanza. Shida yake itafuata."

Kipande, vijana, kilikuwa cheti cha kuandikishwa. Mwanamume Mwafrika aliyetafuta kazi alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati kama kengele ya mbuzi. Kutokuwa nacho kulikuwa kosa, na kosa hilo liliingia katika taarifa yetu ya uhalifu ya kila mwezi, pamoja na wizi na mauaji.

Wengi wasio nacho walikuwa wageni waliovuka mpaka kwa miguu kufuata kazi za mkonge na bandari. Kwa hiyo wageni ndio walioongoza kwa uhalifu, nasi tukaamriwa kuzidisha msako. Msako ulipozidi, hesabu nayo ikapanda. Nilimweleza hayo Bwana Inspekta, mkuu wa kituo.

"Najua, karani," alijibu bila kuinua macho. "Lakini wilayani wataka jumla. Hawaniulizi ni kosa gani."

Jibu hilo liliniudhi. Afadhali angekuwa hajui.

Asubuhi moja akaja Mmakonde mmoja, mchimba mawe, mkono umefungwa leso iliyolowa damu. Alikuwa amekatwa panga na kunyang'anywa baiskeli.

"Nawajua walionikata," alisema. "Twendeni sasa hivi, tutawakuta."

"Kipande?" sajini akauliza.

Hakuwa nacho. Akatiwa ndani pale pale. Tukaandika kosa moja, mkosaji mmoja, mgeni. Shambulio halikuandikwa, kwa kuwa mlalamikaji alikuwa amekwisha kuwa mahabusu. Nilimchukia sajini siku ile, na bado namchukia. Wageni wenziwe waliposikia, hakuna aliyekuja tena kushtaki. Waliumizwa wakajiuguza majumbani, na waliowaumiza wakabaki raia wema katika taarifa zetu.

Baada ya siku chache mkewe, Mdigo, akaja na uji.

"Shikamoo, bwana. Mume wangu yuwapi?"

"Marahaba. Yuko rumande, angoja kurudishwa kwao."

"Na waliomkata?"

"Hao hawana kesi, mama."

"Nimewapita hapo sokoni," akasema taratibu. "Wanunua samaki. Wamenisalimu."

Nikaupokea ule uji.

Sasa nimestaafu, nakaa Kisauni. Redio ikitangaza kwamba wageni wasio na vyeti wamezidisha uhalifu, sibishi. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Huwauliza wajukuu zangu ni makosa gani yaliyohesabiwa, na ni nani aliyeogopa kwenda kushtaki.

Yule Mmakonde alifia rumande, kidonda kimeoza, kabla ya kupatikana gari la kumrudisha kwao. Taarifa ya mwezi ule niliiandika mwenyewe. Haikuwa na mauaji.